Swichi ya Akiba

Kwa miaka kadhaa nimefundisha mitandao ya kompyuta katika chuo kidogo cha ufundi Kitale, na siku mbili kila juma huteremka Bungoma kufundisha katika tawi letu, vyumba vitatu vilivyo juu ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi ambayo ilikuwa pale kabla sijazaliwa. Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mwanafunzi akiniambia mtandao umeenda, ninamuuliza umeenda wapi na umemuaga nani. Nikikasirika sana, l na r zangu hubadilishana viti, mambo ya Kabuchai nilikozaliwa, na darasa zima huinamisha vichwa ili nisiwaone wakicheka. Lakini kuna asubuhi moja ya mtihani ambapo hasira hiyo ilitakiwa inigeukie mimi mwenyewe, nayo haikuja. Nilinyamaza tu.

Katika tawi la Bungoma nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa watoto watatu kutoka Sirisia, rika langu au amenizidi kidogo. Alikuwa kibarua katika ofisi ya kuweka rekodi za wagonjwa katika hospitali moja. Mkubwa wake alikuwa amemwambia wazi: nafasi ya kudumu imepatikana, lete cheti kabla mwezi haujaisha, ukikosa tutachukua mtu mwingine. Mtihani wetu huja mara moja kwa mwaka. Wa mwaka uliotangulia ulimkuta leba, anajifungua. Kwa hiyo ule wa safari hii ndio uliokuwa wake, na sote chumbani tulijua.

Hakuwa mwanafunzi mwepesi, ila akishaelewa kitu huwezi kukitoa kichwani mwake. Siku ya kwanza niliuliza darasa mtandao wa kompyuta ni nini, wakasema kwa pamoja ni intaneti. Nikapandisha hasira. Nikawaambia, chukueni kompyuta mbili, ziunganisheni kwa waya mmoja, hii ikiomba barua na ile ikaitoa, huo tayari ni mtandao, hata kama nje hakuna mlingoti wala bando. Intaneti ni mitandao mingi iliyokubaliana kuzungumza lugha moja. Yule mama aliinua mkono akasema, "Kwa hivyo mwalimu, kompyuta zetu za hospitali zikitumiana faili bila bando, hiyo si miujiza." Nikasema si miujiza. Akaandika.

Aina za mitandao niliwafundisha kwa umbali, kuanzia mfukoni kwenda nje. Simu yako ikiongea na spika ya masikioni, au ikigawia kompyuta yako bando, huo ni mtandao wa mtu mmoja, unaitwa PAN. Kompyuta za chumba hiki, za ofisi ile na printa yao, zote ndani ya jengo moja, hiyo ni LAN. Ukiondoa waya ukatumia mawimbi ya hewani, inakuwa LAN isiyo na waya, ile ambayo nyinyi nyote mnaita waifai. Majengo ya mji mmoja yakiunganishwa, tuseme ofisi zilizotapakaa Bungoma mjini, hiyo ni MAN. Na chumba hiki kikiongea na seva yetu, kompyuta kuu iliyoko Kitale, kilomita nyingi za mashamba ya miwa na mahindi katikati, hiyo ni WAN. Niliwaambia kuna sababu moja tu ya kukariri haya, nayo ni kujua utafute wapi kitu kikiharibika. Niliyasema hayo nikitembea mbele ya ubao kama mtu ambaye vitu vyake haviharibiki.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sikuwahi kuiona kwa wengine. Kifaa cha kupimia waya kilikufa zamani, na maombi yangu ya kingine yalikuwa yamelala Kitale kwenye droo ya mtu. Basi tulipima kwa swichi. Swichi, kwa asiyeijua, ni kisanduku chenye matundu. Kila kompyuta ya chumbani huleta waya wake pale, nacho hupokea ujumbe kutoka tundu moja na kuupeleka kwenye tundu unakotakiwa. Mwanafunzi akimaliza kubana vichwa vya waya wake, tulikuwa tunachomeka ncha zote mbili katika swichi moja kuukuu ya mazoezi. Taa mbili zikiwaka, waya ni mzima. Isipowaka hata moja, rudia. Swichi ile ilikuwa peke yake mezani, haikuunganishwa na kompyuta yoyote, kwa hiyo mchezo ule haukumdhuru mtu. Nilijivunia ubunifu huo. Kweli, nilijivunia.

Mchana wa kuamkia mtihani tulipanga chumba. Karatasi ya mtihani ingekuja kutoka seva ya Kitale, kila mtahiniwa akajibu kwenye kompyuta yake, na mfumo ungejifunga wenyewe saa sita kamili, uwe umemaliza au hujamaliza. Niliona swichi kubwa ya chumba imebakiza tundu moja tu, nikaogopa mashine ikifa nitakosa pa kuhamishia mtu. Nikamwambia yule mama alete swichi ya mazoezi, aiweke meza ya nyuma iwe ya akiba. Akaileta kwa mikono miwili kama sufuria ya moto. Nilibana waya mmoja mrefu wa kuiunganisha na swichi kubwa, na mwingine mfupi wa ziada. Nikaiwasha, nikaupima ule mfupi kama kawaida, ncha zote mbili ndani, taa mbili zikawaka. Hapo simu yangu ikalia. Alikuwa mwenzangu wa Kitale anayetunza seva, anataka orodha ya watahiniwa. Nilizima swichi kwenye soketi, nikatoka nikiongea. Niliporudi nilichomeka ule waya mrefu kwenye swichi kubwa, nikafunga mlango.

Ule mfupi ulibaki pale ulipokuwa.

Asubuhi tulianza saa tatu. Msimamizi alikuwa mgeni aliyetumwa na wenye mtihani, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi hadi kwenye mikono, mpole wa sauti, wa aina inayokufanya uwe na wasiwasi zaidi kuliko mtu wa kufoka. Alisoma masharti. Mtahiniwa haruhusiwi kugusa waya wala kifaa chochote isipokuwa kibodi na kipanya chake. Yule mama alikuwa kiti cha nyuma kabisa, karibu na soketi. Nilimwona akifunga macho kidogo, midomo ikienda, kisha akaanza kuandika.

Ilipofika saa tatu na nusu, wakaingia watahiniwa wawili waliochelewa kutoka Ndalu, viatu vyao vimejaa tope. Msimamizi aliwazuia mlangoni akikagua vitambulisho. Mimi nilikuwa mbele, nimepiga goti kwa mtahiniwa ambaye kibodi yake iligoma. Nilikuwa nimeshaweka kompyuta mbili za ziada meza ya nyuma, waya zao ziko kwenye swichi ya akiba, kilichobaki ni umeme. Nilimtazama yule mama. Nikamwonyesha soketi kwa kidevu na kusema kwa midomo, bila sauti, "Washa." Akasita. Nikamwashiria tena kwa kidevu. Akainama, akabonyeza.

Kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha mtu wa safu ya kwanza akasema, "Mwalimu, yangu imesimama." Wa pili akasema hivyo. Wa tatu alinyooshea kidole skrini yake. Ndani ya dakika moja chumba kizima kilikuwa kinaniangalia, na juu ya kila skrini saa inayohesabu muda wa mtihani ilikuwa imeganda, ingawa sote tulijua kwamba ile ya Kitale haijaganda.

Nilikimbilia ofisini. Ninakiri kwamba moyo wangu ulitamani kosa liwe mbali. Likiwa kwenye WAN, ni la kampuni inayotuuzia njia ya kufika Kitale. Likiwa mjini, ni la mtu aliyechimba barabara akakata kebo. Yote hayo yangeniacha msafi. Nikampigia mwenzangu wa Kitale.

"Seva imeanguka?"

"Haijaanguka bana. Huku kila kitu kiko sawa, naona hata vituo vingine vinaendelea. Ni nyinyi tu mmepotea."

"Angalia vizuri."

"Si nimekwambia nimeangalia?"

Nilikata simu nikiwa na hasira naye, ambaye hakuwa amenikosea lolote. Nikaiunganisha kompyuta ndogo ya ofisi na bando la simu yangu, nikafungua ukurasa wa mtihani. Ukafunguka mara moja, mweupe, mzima. Basi Kitale ilikuwa hai, na njia ya kwenda Kitale ilikuwa hai. Nikaenda kwenye ruta, kifaa kinachotuunganisha na nje, nikachomoa waya unaokwenda chumba cha mtihani. Waifai ya ofisi, ambayo nayo ilikuwa imekwama, ikafufuka papo hapo. Nikaurudisha waya, ikafa tena. Mbali kote kulikuwa salama. Ugonjwa ulikuwa ndani ya kuta zangu nne, katika LAN niliyoifunga kwa mikono yangu.

Nilirudi chumbani nikaitazama swichi kubwa. Siku ya kawaida taa zake hupepesa kila moja kwa wakati wake, bila mpango. Sasa zilikuwa zinawaka na kuzima zote kwa pamoja, haraka, bila kupumzika. Fundi yeyote akiona hivyo anajua. Kuna kitanzi mahali. Waya umetoka kwenye swichi ukarudi kwenye swichi ileile, na ujumbe unaotumwa kwa wote unatoka tundu hili, unaingia kwa lile, unatoka tena, na swichi ya bei rahisi haina akili ya kujiuliza kama imeshauona. Unazidi kuzunguka na kuongezeka mpaka hakuna nafasi ya neno lingine kupita. Mtu asiyejua mitandao hawezi kufanya kosa hilo kwa urahisi, kwa sababu hana haja ya kuchomeka ncha zote mbili mahali pamoja. Kosa hilo linahitaji mtaalamu.

Nilianza kufuata waya mmoja mmoja kutoka mbele. Msimamizi alinifuata mgongoni akiwa ameshika saa yake. Kabla sijafika meza ya nyuma, alinipita, akainama juu ya swichi ya akiba, akanyanyua ule waya mfupi kwa kidole.

"Hii ni nini?"

Niliuona. Na kwa mara ya kwanza tangu jana nikakumbuka simu ilipolia, na kidole changu kikizima soketi.

"Ni kitanzi," nikasema. "Ndicho kimeangusha chumba." Nikaichomoa ncha moja. Zile taa zikatulia, kila moja ikarudi kwa mwendo wake, na kutoka safu ya kwanza nikasikia mtu akishusha pumzi. Skrini zilianza kurudi moja moja. Ilikuwa saa nne na dakika kumi.

Msimamizi hakurudi mbele. Aliuliza kwa sauti yake ileile ya upole, "Nani aliwasha swichi hii? Nilimwona mtu ameinama hapa nikiwa mlangoni."

Yule mama alisimama kabla sijavuta pumzi. "Ni mimi."

"Na nani aliileta hapa?"

"Ni mimi niliileta. Jana."

Yote mawili yalikuwa kweli. Alinitazama, si kwa kunilaumu, alinitazama tu jinsi mwanafunzi anavyomtazama mwalimu akisubiri amalizie sentensi. Na mimi, ambaye huwa sina breki ya mdomo, nilitazama ule waya mkononi mwangu. Nilikuwa ninafikiria kazi yangu. Nilikuwa ninafikiria Kitale watasema nini wakisikia kwamba mwalimu wa mitandao ameuangusha mtandao wa mtihani kwa waya wa mazoezi. Mambo hayo yote yalipita kichwani kwa haraka, na kila moja lilikuwa linanihusu mimi.

"Masharti uliyasikia," msimamizi akamwambia. "Toka nje, ungoje. Nitaandika ripoti kwamba umevuruga mtihani."

Yule mama alichukua kitambulisho chake, akakiweka ndani ya pochi, akaifunga. Alitembea kati ya viti polepole sana. Nilidhani ni uchovu, au aibu. Mlangoni alisimama kidogo, mkono kwenye kitasa, kisha akatoka.

Chumba kilirudi kazini. Kelele za kibodi zilijaa, kila mtu akijaribu kufidia muda wake. Wale wawili wa Ndalu walikaa, swichi ya akiba ikawahudumia vizuri. Mimi nilisimama karibu na kiti kitupu. Kompyuta yake ilikuwa imerudi kama za wengine, jibu lake la tatu likiwa limeishia katikati, na pembeni ile saa ya mtihani ilikuwa inahesabu kurudi nyuma mbele ya mtu asiyekuwepo. Nilijiambia nitamweleza msimamizi baada ya mtihani, kwa utulivu. Nilijiambia nikisema sasa nitawasumbua wengine. Nilikuwa na maneno mazuri sana ya kujidanganya, yamenyooka, na nilipokuwa ninayapanga dakika zake zilikuwa zinaenda. Saa nne na nusu. Saa tano kasorobo. Kupitia kioo cha mlango niliona kisogo chake. Alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini, wima, pochi mapajani.

Kisha msimamizi akaja na ripoti. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi. Mtahiniwa amekiri kuleta na kuwasha kifaa kisichoruhusiwa chenye waya uliochomekwa kwa nia ya kuvuruga. Pendekezo, afutiwe mtihani na asiruhusiwe kurudia.

"Weka sahihi hapa, mwalimu. Kama shahidi."

Nilishika kalamu. Nilisoma tena yale maneno, kwa nia ya kuvuruga. Hapo ndipo hasira yangu iliporudi, imechelewa.

"Siwezi kuweka," nikasema. "Waya ni wangu. Niliuchomeka mwenyewe jana mchana, nikausahau. Na kuwasha, nilimwambia mimi. Nilimwonyesha kwa kichwa wewe ukiwa mlangoni."

Aliivuta karatasi kwake. "Yote hayo ulikuwa unajua nilipomtoa?"

"Ndiyo."

"Na umekaa hapa zaidi ya nusu saa."

Alikunja ile karatasi, akaenda mwenyewe mlangoni kumwita. Mama alirudi kwenye kiti chake bila kumtazama mtu, akaweka vidole kwenye kibodi, akaanza kuandika kutoka pale jibu lilipokatika. Msimamizi alikaa mezani akaandika ripoti nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Hiyo niliiwekea sahihi. Kwa sababu yake sijaruhusiwa tena kuingia chumba cha mtihani, na tawi letu lilikaa muda mrefu bila kuwa kituo cha mtihani. Mwenzangu wa Kitale alicheka mpaka akachoka, kisha akanyamaza alipoona sicheki.

Ili msomaji asikae roho juu, niseme hapa kwamba yule mama alifaulu, na cheti kilifika hospitalini kabla mwezi haujaisha. Lakini siku ile hakuna aliyelijua hilo. Siku ile saa sita ilifika, skrini zote zikafungika kwa pamoja, naye akabaki akiiangalia ya kwake muda mrefu kuliko wengine.

Nilimngoja juu ya ngazi. Watahiniwa wengine walinipita wakinisalimia kwa mashaka, kwa kuwa habari ilikuwa imeshaenea. Alipotoka nikamuuliza kama alimaliza.

"Ya mwisho nimeandika nusu."

"Nisamehe, mama. Ule waya ulikuwa wangu."

"Najua, mwalimu. Si nilikuona jana ukiuchomeka? Hata nilitaka kukukumbusha, simu ikakuita, nikadhani ukirudi utautoa."

Nilihisi uso ukiniwaka. "Sasa mbona hukumwambia yule bwana?"

Alirekebisha mkanda wa pochi begani. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo, ningejua la kufanya nayo.

"Ningemwambia aje, na wewe ndiwe mwalimu wetu, na yeye ni mgeni? Nilisema wacha, atasema mwenyewe. Ndio maana nilienda mlangoni polepole. Nilikuwa nakupatia nafasi."

Kisha akateremka ngazi haraka, mkono mmoja kwenye ukuta, kwa kuwa zamu yake hospitalini ilikuwa inaanza saa saba.